Sahani ya Gavril

Shoga, Gavril kanimaliza. Gavril jirani yangu, baba wa ubatizo wa mwanangu!

Madaktari wa mifugo wamekuja asubuhi na maovaroli yao meupe. Nguruwe wangu wote wanne wamechomwa sindano, wamekufa. Hata yule jike mwenye mimba. Homa ya nguruwe: akiugua mmoja, wanauawa wote.

Daktari kaniuliza, "Mama, uliwapa makombo?" Nikamwambia makombo gani, niliwachanganyia tu maji niliyooshea nyama aliyoniletea Gavril. Akaniambia homa hiyo hupita hata kwenye maji ya nyama. Akaniangalia hivi, nikaelewa.

Unakumbuka nilikwambia Gavril kachinja mwezi huu wa kumi? Nani hapa kijijini anachinja nguruwe kabla ya wiki ya Krismasi? Eti nguruwe wake kavunjika mguu. Kavunjika mguu! Na mimi nikamshukuru, maana ukichinja lazima jirani aonje.

Nimemfuata getini kwake. "Ulijua yule nguruwe anaumwa?"

Shoga, hata hakukataa! "Steluța, acha makelele, homa hiyo haimpati binadamu."

Haimpati binadamu! Yaani alijua. Aliona bora amuwahi kwa kisu kuliko kumwita daktari, wakamuulia na wale wengine. Halafu akanijazia sahani, akaniletea huku anacheka.

Sahani yake nilikuwa nayo bado. Si unajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu? Jana nilishamwokea keki ya njugu.

Nimeirudisha sasa hivi. Nimemwekea mlangoni, mkewe ananiangalia dirishani.

Tupu.