Majani Kwenye Ardhi ya Magadi

Ruqaya mjukuu wangu, marahaba! Huku Jalan, Omani, sote wazima, na babu yako mpya, Khalfani, bado ananiita bi harusi mbele za watu. Moyo wangu unachanua!

Umeuliza vipi shamba letu, jeupe kwa magadi, limeota majani. Tulipooana tu nilimwaga jivu la jikoni bustanini, kama alivyofanya mama Unguja. Kumbe kule jivu hupoza udongo mchachu. Huku lilizidisha magadi. Mchicha ukageuka manjano, ukafa. Shemeji, kaka yake Khalfani, akacheka: "Bi harusi, uzeni shamba mkapange mjini Sur!"

"Hatuondoki," Khalfani akasema, akanishika mkono wenye jivu. Wallahi, nilimpenda upya!

Asubuhi moja nikaona nyasi za mwitu ukingoni mwa falaji, mfereji wetu wa maji, kijani palepale penye weupe. Zilikwishaizoea ardhi hii kabla yetu. Tukahamisha mashina yake, tukapanda na shayiri, nayo huvumilia magadi. Vikashika.

Jana shemeji kaja kuomba majani ya mbuzi wake. Nikamfungia mzigo mkubwa.

"Chukua, shemeji," nikamwambia. "Sur tumekuachia wewe."

Bibi yako,
bi harusi wa Jalan