Mzigo Haushushwi kwa Posta

Duluth
Ijumaa, juma la "Hukumu", Februari

Dada Rhoda,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Mimi ni mzima, ila magoti, na theluji ya mwaka huu imenizidi umri. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako imenifungia mlango tangu mlipohama, na huu ni mwaka wa tatu. Tarehe nimeiweka kwa fungu la Torati la juma, kama Baba alivyotuzoesha, usije ukasema nimesahau hata hilo.

Sikuandikii kugombana. Nina swali la darasa. Jana jioni tulifika pale Musa anaposema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, usimpite, mfungue pamoja na mwenyewe. Duane Halvorsen, unamkumbuka, lile jitu la gati la madini lililoacha soseji za nguruwe kwa ajili yako, akainua mkono. "Rabi, hapa Duluth punda yuko wapi? Nimezaliwa hapa. Nimeona dubu kwenye pipa langu la taka. Punda sijamwona." Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikasema punda ni mfano wa roho. Duane akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi, akasema, "Rhoda angetujibu vizuri zaidi."

Nilikereka, sikufichi. Lakini alisema kweli. Darasa hili tulilifundisha wote wawili tangu tukiwa na nywele, na sehemu ya sheria ilikuwa yako. Nimechoka, dada. Wayahudi wenzetu wananiona msaliti kwa kumkiri Yesu, Yeshua wetu, kuwa Masihi. Wakristo wa ng'ambo ya barabara wananiona nimerudi kifungoni kwa sababu ya Torati. Na sasa hata punda ananishinda.

Basi nijibu. Sisi tunaomwamini Masihi, leo hii, tufanye nini na huyo mnyama? Naandika haraka, jua linakaribia kuzama na Sabato haingoji mtu.

Ndugu yako,
Irwin


St. Louis Park
Jumanne, juma la "Sadaka"

Irwin,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Mama ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka tisini na moja: anakula, analala, ananiita kwa jina la dada yake marehemu, na tangu sikukuu ya Hanuka miguu haimbebi tena. Umeuliza, nimejibu.

Sasa punda. Punda ni punda. Usimfanye roho, atakufa wewe ukiwa bado unamfasiri. Musa hakusema umpende kwanza mwenye punda, wala hakusema mketi mwamue nani alimkosea mwenzake. Mnyama ameelemewa na wewe unapita. Shika. Na wasikwambie hayo ni ya kale, kwa sababu Yeshua alipoulizwa jirani ni nani alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kwenye mnyama wake akamwinua mwingine.

Wazee wetu, wale walimu wa kale wa Torati, waliongeza jambo ambalo Baba alilipenda sana. Imeandikwa "pamoja naye". Mwenye punda akikaa kando akasema, "Amri umepewa wewe, haya fungua," basi huna wajibu tena. Naye lazima atie mkono.

Mwambie Duane punda huonwa na anayepita njia hiyo. Anayekaa kwake hamwoni, halafu husema mji hauna punda.

Jambo la mwisho. Umetia sahihi "ndugu yako". Siku ya Pentekoste ile, kabla hatujahama, mbele ya watu wote, uliniita mwanamke anayewafunga wageni minyororo, kwa sababu tu niliwafundisha wasio Wayahudi kwamba vyakula vya Torati ni vyao pia wakivipenda. Mama alikuwa mstari wa mbele, akili yake bado timamu. Aliniuliza njiani, "Irwin amekusema wewe?" Sasa ndugu gani huyo?

Rhoda


Duluth
Jumatatu, juma la "Akaita", Machi

Dada Rhoda,

Habari za siku nyingi? Huku barafu ya ziwani imeanza kupasuka, usiku tunasikia ikilia. Nina mafua, si ya kutisha.

Jibu lako nililisoma darasani neno kwa neno, ila ile sehemu ya mwisho. Ngoja nikupe habari ya Duane. Ana jirani, Gordon, aliyempeleka mahakamani kwa ajili ya uzio. Theluji ilipozika gari la Gordon, Duane akaenda na koleo. Gordon akachungulia dirishani, akarudi ndani. Duane akagonga. "Gordon, sheria yangu inasema pamoja nawe. Vaa buti." Gordon akamtukana matusi yote ya baharini na bara, lakini akatoka, wakachimba hadi mchana bila kuamkiana. Duane anasema uzio bado uko mahakamani.

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Mwaka Mpya. Watu wanakusalimu. Wengine wameniambia wazi kwamba Alhamisi zimepata chumvi tena.

Sasa nimesikia kwa binamu Lenore kwamba ulianguka ukimtoa Mama bafuni, na bega limeumia. Kwa nini hukuniambia? Naweka hundi humu. Tafuta muuguzi wa kukusaidia asubuhi. Mimi mwenyewe siwezi kutoka sasa, Pasaka inakuja, meza ya ukumbini haina wa kuiandaa, na nikiondoka watu hawa wachache watatawanyika. Unanielewa.

Ndugu yako,
Irwin


St. Louis Park
Alhamisi, juma la "Amuru"

Irwin,

Salamu. Pole kwa mafua. Hundi yako hii hapa, irudi ilikotoka. Pesa za muuguzi ninazo na muuguzi ninaye. Ni msichana mwema, anakuja asubuhi, anaondoka saa sita. Mama ana uzito mchana pia.

Ulitaka kujua nilivyoanguka. Nilimshika kwapani kama kawaida, sakafu ilikuwa na sabuni, tukashuka wote wawili. Sikuweza kumwinua wala kuinuka. Tukakaa pale, mimi nimeshika bega, yeye ameegemea kifua changu. Alidhani tuko matembezini. Aliniuliza nani ameleta keki ya tambi. Nikamwambia Irwin anakuja nayo. Nilisema tu, usijivune.

Nimechoka, Irwin. Nimechoka mpaka nasali nikiwa nimelala. Daktari anasema bega hili halitanyanyua mtu tena, labda tuwe wawili. Kuna nyumba ya wazee yenye nafasi, wanangoja jibu mpaka Pentekoste. Pale ni pasafi, hakuna ubaya. Ila Mama alinishika mkono alipokuwa bado ananijua, akasema, "Usinipeleke kwa wageni." Nilimwahidi. Kwa hiyo jibu nitalitoa mimi, na nitaishi nalo mimi.

Wewe ndiye uliyeniuliza sheria ile. Nilikujibu kwa moyo mweupe, nikadhani mtu mwenye macho atajiona. Umeifundisha, watu wakacheka, Duane akachimba theluji, kisha wewe ukaniletea karatasi ya benki. Mzigo haushushwi kwa posta.

Usijibu kama huna jipya.

Rhoda, binti wa Estelle, mama yetu


Duluth
Jumatano, juma la "Mkienda katika sheria zangu", Mei

Dada Rhoda,

Salamu. Najua ni wiki nyingi. Barua tatu niliandika nikazichana. Kila moja ilianza vizuri kisha ikaishia kwenye Pentekoste ile, na mitume walisema nini juu ya wageni, na wewe ulikosea wapi. Nilikuwa natunga hoja huku Mama yuko sakafuni. Naona aibu kuandika sentensi hiyo lakini iache ikae.

Pasaka ilipita. Tulikuwa wachache, supu ikabaki sufuria nzima. Tulipoimba nilikuta nasikiliza sauti yako kwenye kona ya piano, pale ulipokuwa ukiimba juu kuliko wote na nje ya tuni.

Alhamisi iliyopita Duane alikawia baada ya darasa. Akaniuliza habari zako, nikamweleza yote, hata hundi. Alikunja viti vyote, akavipanga ukutani, kisha akasema, "Rabi, na wewe vaa buti."

Nikamuuliza watu hawa nitamwachia nani. "Niachie mimi." "Duane, hujui hata kusoma Kiebrania." "Sijui. Lakini kurasa najua kufungua, na nikikwama nitapiga simu kwa Rhoda." Mtu niliyesema umemfunga minyororo, dada, ndiye anayeshika darasa letu sasa. Nimelala na hilo tangu usiku ule.

Nakuja Jumatatu, na sanduku kubwa. Bado naamini ulikosea juu ya vyakula, na sitaki tulizungumze mlangoni. Kwa yale niliyosema mbele ya Mama, nakuomba radhi. Usipotaka kufungua, nitakaa garini mpaka utakapohitaji mtu wa kushika upande wa pili.

Keki ya tambi nimeipika mwenyewe. Imeungua pembeni.

Ndugu yako,
Irwin


St. Louis Park, chini ya mlango wa chumba cha kushonea
Alhamisi, juma la "Utokapo kupigana", Septemba

Ndugu yangu,

Salamu. Afya yako naijua, nimekusikia ukikoroma. Bega langu halilii sana siku hizi. Mama hajambo, leo amekula yai zima, na amekuita wewe "yule mpishi".

Unacheka, dada mzima anamwandikia mtu wa chumba cha pili. Lakini tangu ulipokuja sisi tumekuwa watu wa shika, geuza, polepole, tayari. Nimejaribu kusema zaidi. Siku ile ya mvua ya mawe nilifungua mdomo, ukadhani nataka ubishi, ukatoka mbio kutazama gari. Kwa karatasi angalau hukimbii.

Nimeviona visu. Wiki ya kwanza ulitia kisu cha nyama kwenye droo ya vyombo vya maziwa, ingawa kwangu nyama na maziwa havichanganywi, nikamnung'unikia Mama jioni nzima. Tangu hapo hujakosea hata mara moja, wala hujasema neno, na kuku huyo unayemkaanga kwa sheria zangu unamla bila kukunja uso. Najua hujabadilika moyoni. Nami sijabadilika. Ila nguvu za kubishana sina, na nikikuona unavyoshuka ngazi asubuhi nadhani nawe huna.

Nyumba ya wazee walipiga simu tena juzi kuuliza. Niliwaambia hapana, tupo wawili.

Duane naye alipiga leo, ana swali la darasa la jioni. Amemkuta punda tena. Yule yule, ameanguka njiani, na amri ni ile ile, usijifiche, mwinue pamoja naye. Lakini Duane ana macho. "Rhoda," anasema, "kule Kutoka alikuwa punda wa mtu anayekuchukia. Huku mwisho, kwenye Kumbukumbu la Torati, ni punda wa ndugu yako. Kati hapo nini kilitokea?"

Mimi niliyefundisha fungu hili ujana wangu wote nilishika simu nikapekua kichwani maneno yote ya wazee. Mwishowe nikamwambia sijui, Duane, labda walimwinua pamoja mara nyingi tu.

Basi ndilo nililotaka kukwambia, na mdomo ulikataa.

Mama ataamka saa kumi na mbili. Asubuhi bega huwa gumu, kwa hiyo wewe shika kichwani, mimi miguuni. Kahawa nitaacha kwenye jiko.

Dada yako,
Rhoda