Roboti Iliyokataa Mipira

Dada Zuhura,

Hamjambo huko Mombasa? Baridi ya huku Nyeri inapoza chai kabla hujaipuliza. Leo nilikuwa jaji wa mashindano ya roboti za wanafunzi. Wasichana wa shule moja ya Tetu walileta roboti ya kuchagua kahawa, kama wazazi wao wanavyofanya kiwandani kabla ya kupima: mbivu nyekundu huku, mbichi kule. Waliifunza kwa kahawa ya shambani kwao. Sisi majaji, kwa kanuni za mashindano, tukaiwekea mipira myekundu ya plastiki badala ya kahawa mbivu. Ikaitazama, ikaikataa yote.

"Sufuri," nikasema.

"Lakini hiyo si kahawa, mwalimu," nahodha wao akanijibu. "Kwani mlitaka idanganye?"

Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akaitikia kwa adabu, akaipangusa roboti yao kwa mkono wa sweta.

Kombe na safari ya fainali Nairobi vimeenda kwa roboti iliyookota kila kitu chekundu, pamoja na kifuniko cha kalamu yangu. Nilipiga makofi kama wengine.

Nisalimie watoto, uwakumbatie. Nakuletea kahawa ya hapa, na usiwe na wasiwasi: haikuchaguliwa na bingwa.

Kakako, Idi