Siku Baba Alipovua Viatu Darasani

Mpendwa Mwalimu Kokushubila,

Juzi nimeambiwa umezikwa kwenu Maruku, na mimi sikuwepo. Nimejaribu kukaa kimya nikashindwa. Wewe ndiye uliyenifungua mdomo, halafu nikunyamazie? Haiwezekani, waitu, mpendwa wetu!

Ni mimi, Verdiana wa Buganguzi, yule uliyemkuta darasa la kwanza hajatamka neno. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kila asubuhi bendera ilipanda nasi tukiimba kwa nguvu maneno ambayo nusu yake hatukuyaelewa. Nyumbani Kihaya, shuleni Kiswahili, na mimi nikifika mlangoni ulimi unagoma. Mwalimu aliyekutangulia alinichapa wee, mwishowe akamwambia baba kwamba mimi ni bubu. Baba akaamua: Ijumaa naacha shule, nakwenda Nshambya kwa mama mdogo kulea mtoto. Mama alilia, lakini nani angembishia baba?

Wiki hiyohiyo ndipo ulipofika, binti mdogo wa gauni la maua, ukatuuliza nyumbani tunacheza nini. Tukatazamana. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza jambo kama hilo.

Kesho yake tukakuta umetandaza nyasi sakafuni ili turuke bila kuchubuka magoti. Ukapiga makofi, "Haya, rukeni, pigeni kelele!" Nani apige kelele juu ya nyasi? Kwetu nyumba iliyotandikwa nyasi inangoja wageni. Tukapangusa nyayo mlangoni, wasichana tukapiga magoti kukusalimu, wavulana wakakaa pembeni kwa adabu kama wamekuja kuposa. Nawe ni Mhaya kabisa! Sijui chuo kilikusahaulisha. Ulitutazama, ukatazama zile nyasi, ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Basi tucheze wageni," ukasema.

Lo! Mpaka leo nikifikiria natikisa kichwa. Papo hapo, kutokana na kosa lako mwenyewe, ukatunga mchezo. Mmoja anakuwa mwenye nyumba, wengine wanabisha hodi. Mgeni asalimie kwa Kiswahili, aseme ametoka wapi na amekuja kufanya nini. Mwenye nyumba azungushe kikapu cha kahawa ya kutafuna na kuigawa sawasawa, kila mgeni apate sawa na mwenzake. Na mgeni haondoki mpaka aombe ruhusa. Kuhesabu, kugawanya, kusalimiana, majina ya vijiji, vyote vilikuwa mle kikapuni, na sisi tulidhani tunacheza tu. Nimefundisha mpaka nikastaafu, nimeona vifaa vya kila aina vikiletwa shuleni kwa magari, na bado sijaona kitu kilichonishangaza kama kile kikapu.

Siku zote nilikuwa mgeni asiyesema. Hukunilazimisha. Ijumaa ilipofika ukaniwekea kikapu mikononi. "Verdiana, leo nyumba ni yako." Basi, ukaenda zako kukaa dirishani.

Mwalimu, nilikuwa nimewapelekea kahawa wageni wa baba tangu nijue kutembea. Mikono ilijua kazi yake, na magoti pia. Nikapiga magoti mbele ya mgeni wa kwanza, na mdomo nao ukafuata.

"Karibu kahawa."

Nikaogopa, nikadhani ni mtu mwingine aliyesema. Darasa zima likanigeukia. Wewe ukageukia nje haraka, nikaona mabega yako yanatikisika. Nikaendelea kugawa, nikikaribisha mmoja mmoja, na kila neno lilitoka rahisi kuliko lililotangulia. Sijawahi tena kusikia kitu kizuri kama ile sauti yangu ya siku ile.

Ndipo baba akatokea mlangoni, furushi la nguo zangu kwapani. Akafungua mdomo kuniita, akaziona nyasi. Maskini baba! Miguu yake haikumwuliza. Akavua viatu, akaingia, akakaa pembeni na furushi mapajani. Nikamfikia na kikapu.

"Karibu kahawa, mgeni. Umetoka wapi?"

Macho yakamtoka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. "Natoka... nyumbani."

Watoto wakacheka. Nikaendelea, "Umekuja kufanya nini?"

Akakugeukia wewe. Ukamwambia taratibu, "Mzee, anayeuliza ni mwenye nyumba."

"Nimekuja kuchukua mtoto," akasema.

"Mtoto gani?"

Baba akanitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata siku ya harusi yangu. "Mtoto yule..." akalikumbatia furushi, "mtoto asiyesema."

"Hapa hayupo," nikamjibu.

Hakuna aliyecheka. Baba akatafuna kahawa yake polepole, akijifuta macho kwa kiganja. Kisha akainamisha kichwa, akaniomba ruhusa ya kuondoka kama mgeni anavyopaswa, mimi, mtoto wake wa miaka minane. Nikampa. Akaenda kuvaa viatu vyake, akarudi nyumbani peke yake na furushi lake.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakushukuru kwa sauti.

Mwanafunzi wako,
Verdiana