Aliyetoa Ini Naye Aulizwe Hali

Zuhura, una kichwa kigumu kama baba yako! Shikamoo yako nshaipokea, marahaba. Baba yako huko Tunguu ananenepa kwa kipande cha ini ulichompa, na kila Ijumaa watu wanakwenda kumtazama. Wewe huko Maskati nani anakutazama? Shangazi yako kaniambia umekonda na ngazi zinakushinda, nawe unaniandikia, “Bibi, mwaka wa tatu huu, ini limeshaota, daktari wa nini?”

Dada yangu alipokufa kwa uzazi, nilimnyonyesha mwanawe pamoja na wangu. Wageni walimpakata yule yatima, “Masikini, anaendeleaje?” Mimi nikiulizwa, nasema sijambo, kwa kiburi tu. Siku moja nikaanguka jikoni, mama mkwe akasema, “Ala, kumbe na huyu ni mtu!” Nyumba ilijaa watu, na sijapata kuwa mpweke vile. Sasa niko na redio tu hapa Malindi, na jirani akinipigia hodi bado namjibu sijambo, naye anakwenda zake.

Usinirithi hilo. Jumamosi nenda kwa daktari, mwambie unachoka, akupime damu, kisha nipigie simu unisomee majibu yote.