Wiki Niliyokataza Utani

Jumatatu, 14 Julai

Uji umeungua tena. Nimewaambia wazee ni ladha mpya. Hakuna aliyeamini, wote wamekunywa. Baada ya uji kupima presha, baada ya presha mazoezi ya viungo, yaani kunyoosha mikono na kulalamika. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu. Darasa la kwanza walikuwa na adabu kuliko wazee hawa wanaoshinda kituoni kwangu.

Bi Nyamizi ameingia, amemkuta Mzee Kondo kwenye kiti cha mlangoni. "Hee, hujafa tu? Mie shati lako nimeshalichagua." Mzee Kondo: "Tua mzigo kwanza, mpagazi, ndiyo uongee." Huyu Mzaramo, yule Mnyamwezi. Watani tangu enzi za babu zao, na mtani hakasiriki. Ndiyo salamu yao ya kila siku.

Jioni simu. Bi Salha, binti wa marehemu mwenye nyumba. Baba yake alituachia nyumba hii, hapa Mbagala, tuitumie bure. Sasa ni ya binti, anaishi Mikocheni, anafikiria kuifanya kiwanda cha mikate. Alhamisi anakuja kutuona ndipo aamue. Tukitolewa hapa hatuna pa kwenda. Nimeogopa.

Jumanne, 15 Julai

Nimewakusanya wazee. Alhamisi hakuna utani. Shikamoo, marahaba, karibu mgeni, basi. Mwaka jana mgeni mmoja alimsikia Bi Nyamizi akimwahidi Mzee Kondo kumzika kifudifudi. Akakimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki. Sitaki tena.

Mzee Kondo amesema hata mtoto mchanga anajua utani ni nini. Nikamwambia mtoto mchanga hana nyumba ya kututoa. Nimejipongeza.

Alhamisi, 17 Julai

Bi Salha amekuja. Miwani mikubwa, sauti ya chini. Wazee wamekaa kwa mstari kama wanaosubiri kung'olewa meno.

Kisha Bi Nyamizi akaingia, akapiga goti kidogo mbele ya Mzee Kondo. "Shikamoo, mzee wangu." Kwa upole kabisa. Mzee Kondo akabadilika uso. "Marahaba, mama."

Baada ya hapo kimya. Nilisikia nzi. Bi Salha akauliza kama siku zote wako hivi. Nikasema ndiyo, siku zote, tena kwa fahari. Akatazama saa, akasema atatujulisha.

Ijumaa, 18 Julai

Mzee Kondo hakuja. Bi Nyamizi amekaa na uso ukutani. Nikamuuliza kulikoni. "Kaniita mama. Mie mama yake?"

Mazoezi leo hakuna aliyelalamika. Sikupenda.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Kondo, nyuma ya soko. Mkwe wake amenipokea kwa wasiwasi. Mzee amelala tu, chakula hagusi, dawa ya presha ameikataa. Akanigeukia: "Mwalimu, Nyamizi kaniamkia. Tangu tujuane hajawahi kuniamkia. Nimemkosea nini?"

Nikamweleza ni amri yangu. Akasema hata angeamriwa na rais, mtani wa kweli angechomekea kaneno. Akageukia ukuta. Mtu mzima! Nimetoka pale nimekasirika. Nilipofika barabarani hasira ikaisha, ikabaki hofu. Presha bila dawa si mchezo, na nimeyataka mwenyewe.

Bi Salha ametuma ujumbe. Jumatano anakuja kutupa jibu. Hakuna hata "habari za wazee".

Jumatano, 23 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimwambia Bi Nyamizi kwamba Kondo hali, na dawa hanywi. Akasimama, akafunga khanga kiunoni. "Afe bila kuniaga mie? Atathubutu?" Akatoka. Wazee wote nyuma yake, pamoja na wale ambao magoti yao hayaruhusu mazoezi. Nikafunga mlango, nikamwomba muuza mkaa wa jirani amwelekeze mgeni akija, nikawakimbilia.

Alipokanyaga uani kwa Mzee Kondo tu, akaangua kilio. "Kondo weee! Umekwenda na ubishi wako nani atabishana nami!" Majirani wakatoka. Mama mmoja akaanza kulia kwa kweli. Wanaume wakaenda kutafuta turubai. Mkwe anapiga kelele kwamba baba mzima, hakuna anayemsikia. Bi Nyamizi akaingia ndani, akatoka na redio, kofia na kikoi, akavipanga uani. Fungu la mtani, anasema; msibani mtani huchukua atakacho na kumtania hata marehemu. Akarudi kufuata godoro, na mwenye godoro yuko juu yake.

Hapo marehemu akatoka. Mkono mmoja umeshika msuli usidondoke, mwingine unaipapasa redio. "Mnyamwezi mwizi! Weka chini! Unarithi mtu anapumua?" Bi Nyamizi akamjibu kwamba maiti haina sauti kwenye kikao. Mzee Kondo akacheka mpaka akakohoa. Akaomba uji. Akanywa na dawa, mbele yetu. Nimelia, siku nyingine nitakataa lakini leo naandika.

Nageuka, Bi Salha yuko getini, miwani mkononi, macho mekundu. Ameona turubai akajua msiba. Nikaanza kuomba radhi. Hakunisikiliza.

"Huyu ni mtani wake?"

Nikasema ndiyo.

"Sie pia Wazaramo," akasema. "Siku ya kumzika baba, watani walikuja. Kaka zangu wakawazuia getini, eti wataleta aibu mbele ya wakubwa. Baba kazikwa kimya, kama mtu asiye na watu."

Bi Nyamizi alisikia neno moja tu, Mzaramo. Alikuja mbio, akainama, akamvua Bi Salha kiatu cha kushoto, akakikalia. "Ukikitaka, tuachie nyumba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Salha amesimama kwa mguu mmoja kwenye vumbi la Mbagala. Akaomba. Akabembeleza. Mzee Kondo akamwambia, "Mwanangu, kwa mtani hakuna rufaa. Mie kanichukulia redio." Bi Salha akaanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho sikukitarajia kwa sauti ile ya chini. Akasema alikuwa amekuja kutuambia tuhame. Mikate ataioka kwingine. Nyumba tubaki nayo.

Kiatu kimerudi kimebonyea. Turubai wamelikunja kwa shingo upande, maana maji ya pilau yalishabandikwa.

Ijumaa, 1 Agosti

Bi Salha alikuja asubuhi, peke yake. Alitaka Bi Nyamizi amsindikize kaburini kwa baba yake, aseme yale ambayo watani walizuiwa kusema. Nikaenda nao.

Makaburini palikuwa na upepo kidogo. Bi Salha akaomba dua. Bi Nyamizi akasubiri amalize, kisha akasogea. Hakupiga kelele. Akamwambia marehemu kwamba ni mvivu, amelala mapema kazi zikiwa nyingi. Kwamba huko aliko wamfiche sufuria, Wazaramo kwa ubwabwa hawaaminiki. Kwamba binti yake ana miguu mikubwa, kiatu chake amekikalia kama mkeka. Bi Salha alicheka, kisha akachutama akalia sana. Tulimwacha alie. Bi Nyamizi alikuwa anang'oa majani pembeni ya kaburi.

Tuliporudi kituoni Mzee Kondo alikuwa mlangoni. Akauliza, "Kakujibu?"

"Hajajibu. Wazaramo mkishindwa hoja mnajifanya mmelala."

Mzee Kondo akaitikia kwa kichwa. Akainuka taratibu, akampisha kiti.