Ya Tatu Uisikilize Ukiwa Umekaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka karakana ya makochi, ambako vumbi la sponji limenijaa hadi kwenye nyusi. Natumaini hujambo, wifi hajambo, na yule binti yenu tunayemjua kwa picha tu anaendelea kuota meno. Sisi ni wazima. Mguu wa Mama umepona. Ulimi wake, kama unavyojua, haukuwahi kuugua.

Uliniuliza siku hizi nasikiliza nini kazini, nikasema nitakuandikia, ukacheka. Basi barua ndiyo hii. Ningekueleza kwa simu, lakini simu yako ina tabia ya kukatika kila ninapomtaja Baba, na humu nitamtaja sana. Tangu siku ile alipokuambia kwamba kama ni falsafa basi nenda ukaishi nayo hukohuko, hamjasemezana, na mimi nimechoka kuwa daraja. Soma mpaka mwisho. Nina ombi, na usilirukie.

Nianze na podikasti zenyewe, maana nimekuwa nazo kama mtu aliyepata mchumba. Ya kwanza ni ya historia ya falsafa. Mwenyewe ni profesa mstaafu, nami nimempa jina la Profesa Kikohozi, kwa kuwa akishamzika mwanafalsafa mmoja hukohoa kwanza ndipo amlete mwingine. Haruki mtu. Mimi nilidhani mambo haya yalizaliwa Ugiriki, yakakulia Ulaya, basi. Kumbe huko Misri ya kale watu walishaandika kuhusu haki, na Bara Hindi wakabishana karne na karne kama nafsi ipo au haipo. Ila usianzie mwanzo, wale wanaosema kila kitu ni maji, kila kitu ni moto, watakuchosha. Anzia yule mzee aliyehukumiwa kunywa sumu kwa sababu ya kuwauliza watu maswali. Siku hiyo nilisimamisha cherehani. Najua wewe uliyasomea haya darasani, lakini je, kuna mtu aliyewahi kukusimulia kama umbea? Huyu anasimulia kama umbea.

Ya pili ni ya wanawake wawili, marafiki wa tangu utotoni, ambao kila wiki huchukua swali moja na kugombana nalo. Ni fupi, inatosha kuoshea vyombo. Tafuta ile waliyomzungumzia tabibu wa zamani aliyesema tumfikirie mtu aliyeumbwa akielea hewani, hagusi kitu, haoni, hasikii. Je, atajua kwamba yupo?

Hapo ndipo Baba alipoingia. Wiki nzima alikuwa akinung'unika kwamba watu hawa wa kwenye simu hawana kazi ya kufanya. Siku hiyo alikuwa ameinamia kiti, misumari midogo mdomoni kama kawaida yake. Akaitema yote kiganjani, akasema huyo mtu lazima atajua yupo, njaa itamwambia. Kisha akaniomba nirudishe nyuma asikie tena. Kuanzia hapo, kaka, sina simu. Anabishana nayo nyundo mkononi. Siku moja nilipeleka mito kwa mteja, niliporudi nikakuta ameshamaliza vipindi viwili bila mimi, na akakataa kunieleza kilichotokea. Mama analalamika kwamba sasa anaishi na watu wawili ambao ukiwauliza chakula kiko wapi wanakuuliza una maana gani ukisema chakula.

Sasa ya tatu. Hii uisikilize ukiwa umekaa. Inarekodiwa katika stoo ya sponji, kwa sababu sponji humeza mwangwi wote. Kuna msichana anayesoma swali na mzee anayelijibu, mara nyingi kwa swali jingine. Msichana ni mimi. Mzee ni Baba. Nakuambia mapema usije ukaisikia sauti yake ghafla ukaangusha simu. Tulianza kwa utani, na sasa watu nisiowajua wanatutumia maswali, na wapo wateja wanaoleta kiti kizima ili tu wapate kubisha.

Juzi swali lilikuwa la kochi. Kuna kochi ambalo tumelibadilisha kitambaa, halafu sponji, halafu springi, na mwisho tukabadilisha hata mbao. Je, ni lilelile? Mimi nilisema ni jipya. Baba akasema ni lilelile. Halafu akasema yupo mtu aliyemfukuza mwanawe kwa sababu ya masomo. Tangu hapo mtu huyo amebadilika nywele, amebadilika macho, na fikra zake zote zimebadilika. Anaweza kudai kwamba aliyesema maneno yale alikuwa mtu mwingine, akajitoa hivyo. Lakini hapana, akasema. Ni yeye yuleyule, na ni mdomo huuhuu unaopaswa kuomba radhi.

Kisha akaniuliza, kipaza sauti bado kinawaka, kama nadhani mtu wa umri wake anaweza kusoma falsafa ya kutosha kuongea na wewe bila kukutia aibu. Kaka, nililia palepale juu ya sponji. Kumbe ndicho alichokuwa akikitafuta kwenye simu yangu muda wote.

Aliniamuru nikate sehemu hiyo. Kwa wasikilizaji nimeikata. Kwako sikuikata, nimekutumia yote kwenye simu yako, na Baba hajui. Nimemsaliti, nami nimeridhika.

Ombi langu ni hili. Anasema atakupigia akishafika kwenye zile karne ulizosomea wewe, na Profesa Kikohozi hajafika hata katikati. Usimngoje. Mpigie wewe. Wala usianze na habari za msamaha, ataona haya akakata simu, mnafanana. Mwambie tu kwamba amekosea kuhusu kochi, halafu mwache akubishie.

Mbusu mtoto, mwambie ni la shangazi. Wifi mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Mama anasema neno lake atalisema mwenyewe mkija.

Ni mimi mdogo wako, niliyekaa karibu na simu.